Kipini chako ni titaniamu kweli, au ni uzuri wa mkakasi?

UKIPITA katikati mwa jiji la Nairobi, kuanzia River Road hadi Moi Avenue, hutakosa kuona trei za vipini na pete zinazometameta chini ya taa za vibanda. Kuna za puani, za kitovuni, za ulimini, za kwenye nyusi, na zile ndogondogo za kupanga sikioni kuanzia ndewe hadi juu kwenye gegedu. Ukiuliza zimetengenezwa kwa nini, jibu huwa tayari: “Siz, hiyo ni titaniamu orijino. Haishiki kutu, haiwashi.”

Huenda muuzaji anasema kweli. Huenda pia naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia kwa jumla, ambaye aliambiwa na kiwanda asichowahi kukiona. Kwa macho tu, kipini cha titaniamu na kile cha chuma cha bei ya chini kilichopakwa rangi ya fedha hufanana sana. Tofauti hujitokeza wiki kadhaa baadaye, tundu linapoanza kuwasha, kuvimba na kutoa maji, nawe unaanza kulaumu ngozi yako.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kutogwa halifaa kuwa “titaniamu ni pesa ngapi?” Linafaa kuwa “nani aliipima, na alipima nini?” Ukijua jibu la kuridhisha linavyopaswa kuwa, itakuwa vigumu mtu kukuuzia uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa nini tundu jipya ni hatari

Kutoga si mtindo ulioletwa juzi na TikTok. Wanawake wa Pwani wamevaa vipini puani na majasi masikioni kwa vizazi vingi, na Wamaasai wamekuwa wakitoga na kupanua ndewe tangu jadi. Kilichobadilika ni vitu tunavyoingiza ndani ya tundu hilo, na safari ndefu ambayo vitu hivyo husafiri kabla ya kutufikia.

Pete ya kidoleni hugusa ngozi nzima, iliyojifunga. Kipini kipya hukaa ndani ya kidonda. Humo mna damu, maji ya mwili na chumvi, na chumvi hula metali polepole. Chembe zinazotoka hapo huingia moja kwa moja mwilini. Tena si kwa siku moja. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8 kupona. Pua huhitaji miezi 4 hadi 6. Gegedu la sikio na kitovu vinaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima.

Adui mkubwa katika kipindi hicho anaitwa nikeli. Ni metali inayong'aa na hutumika sana kuchanganywa na vyuma vingine, au kuwa utando wa chini kabla ya kipambo kupakwa rangi ya dhahabu. Chembe zake zikiingia mwilini, kinga ya mwili inaweza kuzihesabu kama adui, na ikishafanya hivyo huwa haisahau. Mzio wa nikeli ukikupata, kwa kawaida utaishi nao maisha yako yote. Leo ni kipini, kesho ni kifungo cha jinzi kinachokuachia vipele chini ya kitovu, kesho kutwa ni saa, mshipi au fremu ya miwani.

Wataalamu wa ngozi wamejua kwa miaka mingi kwamba kutogwa ni mojawapo ya njia kuu zinazoanzisha mzio huu, na hiyo ni sababu kubwa inayofanya wanawake wengi kuwa nao kuliko wanaume. Kwa ufupi, kipini cha bei ya chakula cha mchana kinaweza kukuachia tatizo la miaka hamsini.

Titaniamu ilipataje sifa?

Sifa ya titaniamu haikuanzia kwa wauza vipambo. Mwaka 1952, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark alifunga vifaa vya titaniamu kwenye mifupa ya sungura ili achunguze jinsi mfupa unavyopona. Alipotaka kuvitoa, vikagoma. Mfupa ulikuwa umeshikana navyo kabisa. Mwaka 1965 alimwekea binadamu wa kwanza meno yaliyoshikiliwa na skrubu za titaniamu, na leo metali hiyo hutumika kote duniani kwenye meno bandia, nyonga bandia na skrubu za kuunga mifupa.

Siri yake ni nyepesi. Titaniamu ikikutana na hewa hujifunika kwa utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha papo hapo. Utando huo ndio unaouzuia mwili kugusana na metali yenyewe.

Wakenya wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kupitia Kwale, ambako kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini hayo na kuanza kuusafirisha kupitia Likoni mwaka 2014, hadi uchimbaji ulipokamilika mwishoni mwa 2024. Lakini usidhani kipini chako kilitoka Msambweni. Sehemu kubwa ya madini ya titaniamu duniani huishia kuwa unga mweupe wa kutengenezea rangi za nyumba, plastiki na karatasi. Ni kiasi kidogo tu kinachogeuzwa kuwa metali, na kiasi kidogo zaidi ndicho hufikia kiwango cha kuingizwa mwilini.

Titaniamu ipi hasa?

Hapa ndipo lugha ya soko huwachanganya wengi. “Titaniamu” si kitu kimoja. Kuna iliyo tupu na kuna iliyochanganywa. Ile inayotajwa zaidi kwenye vipambo vya mwili huwa na takriban asilimia 90 ya titaniamu, asilimia 6 ya aluminiamu na asilimia 4 ya vanadiamu. Mchanganyiko huo una matoleo mawili yanayokaribiana: daraja la 5, linalotumika sana viwandani na kwenye ndege, na daraja la 23, lililosafishwa zaidi kwa matumizi ya upasuaji.

Daraja la 23 ndilo linaloendana na kiwango kinachoitwa ASTM F136. Kiwango hicho hakisemi tu “iwe titaniamu”. Kinataja kila kitu: aluminiamu kati ya asilimia 5.5 na 6.5, vanadiamu kati ya 3.5 na 4.5, oksijeni isizidi 0.13, na jinsi metali inavyopaswa kustahimili kuvutwa na kukunjwa. Kiwango cha kimataifa kinachokaribiana nacho ni ISO 5832-3. Titaniamu tupu ya upasuaji nayo ina kiwango chake, ASTM F67. APP, chama cha watogaji wa kitaalamu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1994, kinataka vipambo vya tundu jipya vitengenezwe kwa vifaa vya namna hii.

Sasa linganisha na maneno unayoyasikia mtaani. “G23” iliyochapwa kwenye pakiti ni herufi moja na nambari mbili tu, na yeyote mwenye printa anaweza kuziweka. “Stili ya upasuaji” nayo ni jina la kuuzia. Stili bora ya vipandikizi, yenye kiwango cha ASTM F138, ina nikeli ya asilimia 13 hadi 15. Nikeli hiyo imefungwa vizuri ndani ya metali kiasi kwamba hutoka kidogo sana, na watu wengi huivaa bila shida. Lakini mwenye mzio tayari hafai kubahatisha. Na stili isiyo na kiwango chochote, iliyopewa jina hilo kwa mdomo tu, hakuna anayejua inatoa nini.

Maabara hupima nini?

Kipimo cha kwanza hufanywa kabla kipini hakijazaliwa. Kiwanda kinapoyeyusha titaniamu, kila mkupuo hupewa nambari yake, na sampuli hupimwa kujua kilichomo. Matokeo huandikwa kwenye cheti kinachosafiri pamoja na vyuma hivyo. Mtengenezaji makini huhifadhi cheti hicho, na anaweza kukuonyesha kuwa vipini vya pakiti hii vimetoka kwenye mkupuo wa nambari ile. Kumbuka, shirika la ASTM lenyewe huandika viwango tu. Halipimi vipini wala halitoi vyeti vya bidhaa. Mtu akikuambia kipini “kimeidhinishwa na ASTM”, muulize karatasi ya kiwanda.

Kipimo cha pili ni cha mashine ya eksirei inayotambua metali bila kuikata. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu huwa nayo. Eksirei hugonga metali, nayo metali hujibu kwa mng'ao wa aina yake, na mashine husoma ni elementi gani zimo. Kipini cha titaniamu kitaonyesha titaniamu nyingi na vanadiamu kidogo. Cha stili kitaonyesha chuma, kromiamu na nikeli. Hapo mwongo huumbuka mara moja. Lakini mashine hiyo ina mipaka. Aluminiamu ni nyepesi na inaweza kuiponyoka, na oksijeni haiioni kabisa. Kwa hivyo inaweza kukuambia “hii ni titaniamu”, lakini haiwezi kutenganisha daraja la 5 na la 23. Hilo linahitaji maabara kamili, au kile cheti cha kiwanda.

Kipimo cha tatu ndicho kinachomhusu mvaaji moja kwa moja: nikeli ngapi inatoka? Ulaya ilipitisha sheria ya nikeli mwaka 1994, baada ya Denmark kutangulia. Leo kipambo chochote kinachoingizwa kwenye tundu la mwili hakiruhusiwi kutoa zaidi ya maikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Maabara hutengeneza jasho bandia kwa maji, chumvi, asidi ya maziwa na urea, kisha kipambo hulowekwa humo kwa siku 7 kwenye nyuzijoto 30. Baadaye jasho hilo hupimwa kujua nikeli iliyotoka.

Je, vipambo vilivyopakwa rangi? Hivyo kwanza huzungushwa ndani ya pipa lenye vitu vya kuvisugua, ili kuiga miaka miwili ya kuvaliwa, ndipo vilowekwe. Hii ni kwa sababu utando unaweza kuficha nikeli leo, ukachubuka keshokutwa. Na sheria hizo zilizaa matunda. Nchini Denmark, mzio wa nikeli ulionekana kupungua miongoni mwa wasichana waliotogwa baada ya sheria kuanza, wakilinganishwa na waliotogwa kabla yake.

Kipimo cha nne husahaulika: umaliziaji. ASTM F136 huzungumzia metali, si kipini kilichokamilika. Metali bora ikikatwa vibaya huacha mikwaruzo inayokwaruza kidonda na kufuga uchafu. Kipini cha tundu jipya kinafaa kung'aa kama kioo kote. Meno ya skrubu nayo yawe ndani ya kishina, au kichwa kiwe cha kusukuma tu. Meno yakiwa nje, yatapita kwenye kidonda chako kama msumeno mdogo kila kipini kinapoingia na kutoka.

Unachoweza kupima mwenyewe

Sumaku: Titaniamu haivutwi na sumaku. Kipini kikinata, kirudishe. Lakini kisiponata, usianze kusherehekea. Stili nyingi nzuri, pamoja na shaba na fedha, pia hazinati. Sumaku inaweza kumuumbua mwongo, ila haiwezi kumthibitisha mkweli.

Uzito: Titaniamu ina takriban nusu ya uzito wa stili ya ukubwa uleule. Ukishika vipini viwili vinavyofanana, kimoja kila mkononi, unaweza kuhisi tofauti vikiwa vikubwa. Fundi mwenye vipini vingi visivyo na vito anaweza kufanya vizuri zaidi kwa mizani ya sonara. Apime vipini kumi vikiwa vikavu, kisha avipime vikiwa vimening'inia ndani ya maji. Vikiwa na gramu 3 vikavu, titaniamu itapungukiwa na takriban gramu 0.68 majini, ilhali stili itapungukiwa na takriban 0.38 tu.

Rangi: Titaniamu hugeuka buluu, zambarau, njano au kijani kwa kupitishiwa umeme ndani ya maji yenye kemikali. Hapo hakuna rangi iliyopakwa. Utando ule wa oksidi huongezeka unene na kuucheza mwanga, kama mafuta yanavyofanya juu ya dimbwi. Njia hiyo haitoi rangi nyeusi ya makaa. Kipini cheusi ti kinachouzwa kama “titaniamu ya rangi yake” kimepakwa kitu kingine juu, kwa hivyo uliza ni nini.

Dawa ya nikeli: Kuna kimiminiko cha kupima nikeli ambacho hutiwa kwenye pamba, kisha ukasugua kipambo kwa takriban nusu dakika. Pamba ikigeuka waridi, nikeli inatoka. Isipogeuka, ni dalili njema tu. Kiasi kidogo kinaweza kukiponyoka, na kipambo kilichopakwa kinaweza kuficha yaliyo chini. Ukipima hivyo, kisafishe kipambo vizuri, na usikirudishe kwenye tundu ambalo halijapona.

Usijaribu kuchoma kipini kwa kiberiti ili “kukipima” au kuua viini. Moto wa kiberiti hauui viini vyote, nao unaharibu utando.

Sheria yako iko mfukoni

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akidhuriwa na bidhaa mbovu. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inaipa haki hiyo meno. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hupokea malalamishi kuhusu bidhaa zisizotimiza ubora, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ndiye wa kumwendea kuhusu usafi wa mahali pa kutogea.

Lakini tuseme ukweli: hakuna afisa atakayesimama kando ya kila trei ya vipini jijini. Mtu wa kwanza kukagua ni wewe, kabla ya kutoa doo. Muulize fundi haya, tena kwa heshima:

Kipini hiki ni cha kiwango gani? Jibu zuri lina nambari, mathalani ASTM F136 au ISO 5832-3, si “orijino”.

Nani alikitengeneza, na una cheti cha mkupuo wake? Anaweza kukuonyesha kwenye simu. Asipokuwa nacho papo hapo, aweze angalau kukiomba kwa aliyemuuzia.

Meno ya skrubu yako ndani au nje? Mwambie akifungue ukione. Kikuze kwa kamera ya simu yako.

Kimesafishwa vipi? Kipini na sindano vinafaa kupitia mashine ya mvuke mkali, kwa kawaida nyuzijoto 121 kwa angalau dakika 15, na sindano iwe ya mtu mmoja tu. Titaniamu bora duniani haitakukinga na homa ya ini aina ya B au HIV ikiwa sindano ilimtoga mwingine kabla yako. Epuka pia bunduki ya plastiki ya kutogea, kwani nyingi haziwezi kuvumilia mvuke huo.

Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika. Wengi hufurahi kuulizwa, kwa sababu vipini vizuri huwagharimu zaidi na huumia wanapolinganishwa na trei ya kando ya barabara. Anayekujibu kwa hasira, au kukuambia unajifanya mjuaji, amekupa jibu lako.

Mambo yakienda mrama

Tundu jipya kuuma kidogo, kuwa jekundu na kutoa ute mweupe kwa siku za kwanza ni kawaida. Dalili za mzio ni muwasho usioisha, vipele vinavyotambaa nje ya tundu na maji maangavu yanayoendelea kutoka. Hapo tatizo huenda ni metali, na dawa ni kuibadilisha, wala si kuipaka spiriti kila saa. Dalili za viini ni joto, maumivu yanayopigapiga, usaha wa njano au kijani, na homa. Hapo nenda hospitalini. Usikichomoe kipini mwenyewe kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya, kwa sababu tundu linaweza kujifunga na kufungia usaha ndani.

Na kama tayari una kipini usichokiamini, huna haja ya kuingiwa na hofu. Tundu likiwa limepona na halikusumbui, mpelekee fundi unayemwamini akikague na kukibadilisha ukitaka. Tundu likiwa bado bichi, hilo ndilo la kuharakisha.

Wauzaji huleta kile wanunuzi wanachouliza. Sasa hivi tunauliza bei na rangi, ndiyo maana trei zimejaa bei na rangi. Wiki hii ukienda kutogwa, uliza nambari ya kiwango kwa sauti, ili aliye nyuma yako kwenye foleni naye aisikie.